Salamu za Mai

Nyota ya Krismasi ya karatasi iliyoning'inia barazani, ghorofa ya nne, ilianza kuchuja saa nne asubuhi. Wekundu uliteremka hadi kwenye ncha moja, ukadondokea sakafuni, kisha karatasi ikalegea na vijiti vya mianzi vikaanza kuonekana. Ermelinda aliitazama kupitia kioo cha mlango wa jikoni, mwiko mkononi, wala hakutoka kuiokoa. Alikuwa ameishi miaka kumi na saba hapa Salmiya, mji wa jangwani mbali na kwao. Mvua aliyoizoea ni ile ya kupita na kuaga, ambayo watu hukimbilia nje kuipiga picha. Hii ilikuwa siku ya tatu, imetandika mkeka wake na kulala, na kule chini barabarani magari yalinyata, maji yamefika milangoni.

Simu ililia. Alikuwa mumewe, Agnelo, dereva wa basi la wafanyakazi.

"Tumekwama. Njia ya kupita chini ya daraja imejaa maji. Humu ndani wenzetu wanaimba nyimbo za Krismasi, na Wamisri wanawapigia makofi. Ungekuwepo ungecheka. Unafanya nini?"

"Nakoroga."

"Linda, ulisema utawaambia watu kabla ya Krismasi. Zimebaki siku nne."

"Nikiongea itashika chini."

"Basi ishike! Unamkorogea nani, mke wangu?"

"Wewe chunga basi lako," alisema, akakata simu.

Jikoni palikuwa na sufuria la shaba alilopewa na mama yake siku ya harusi, akalisafirisha kutoka kwao Goa likiwa limejazwa nguo. Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, sufuria hilo ndilo lililopika dodol, ile halua nyeusi ya tui la nazi na unga wa mchele, kwa ajili ya familia sita za kijiji chao zilizokaa mtaa huu. Dodol haitaki mzaha. Ni saa tatu za kukoroga bila kupumzika, na anayeshika mwiko haendi hata kufungua dirisha. Sukari guru ilitoka kwa mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mai. Kila Novemba aliituma kwa msafiri yeyote aliyepatikana, na mwaka huu pia ilifika, imefungwa kwa gazeti na uzi wake wa kushonea. Ilifika siku kumi na mbili baada ya Mai kuzikwa. Msafiri aliikabidhi huku akitazama viatu vyake, akakataa hata maji ya kunywa.

Habari ya kifo ilimkuta Ermelinda kwenye kliniki ya meno anakopokea wagonjwa. Pasipoti yake ilikuwa ofisi ya uhamiaji, kibali cha ukaaji kikifanywa upya, na mazishi hayamngoji mtu. Aliyatazama kwenye simu, amesimama stoo katikati ya maboksi ya glavu, mpaka picha ikaganda kwenye mkono wa padri. Akaitia simu mfukoni, akatoka na kumwita mgonjwa aliyefuata. Jioni ile alikingoja kilio, hakikuja. Alikingoja Jumapili. Baadaye akaacha kukingoja.

Kila siku huwaambia wagonjwa kwamba ganzi itaondoka baada ya saa mbili, na kabla ya hapo wasitafune kitu, wasije wakajiuma shavu bila kujua. Yake ilikuwa imeingia wiki ya tano. Chakula hakikuwa na ladha. Agnelo alipomlilia mama mkwe wake, Ermelinda ndiye aliyembembeleza, huku akijiuliza kwa hofu yeye ni mtoto wa namna gani. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema. Yeye hata hicho cha kumuumbua hakuwa nacho.

Na kila Ijumaa, siku ya misa kuu huku, Succorina, jirani wa kijiji chao, alimuuliza nje ya kanisa, "Mai hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Mara ya kwanza maneno yalimponyoka tu. Mara ya pili yalikuwa mepesi zaidi.

"Nawe mrudishie," Succorina alikuwa akijibu.

Kwao nyumba yenye msiba haina Krismasi. Haitundiki nyota wala haipiki kitamu. Majirani ndio huipelekea sinia, na hilo ndilo sinia pekee la mwaka linalorudi kwa mwenyewe likiwa tupu. Mengine yote hurudi na kitu, hata kama ni ndizi mbili. Kwa hiyo maadamu sufuria liko motoni, Mai yuko barazani kwake anachambua mchele na kuwagombeza kuku. Likiepuliwa, amekufa. Ermelinda alilijua hilo barabara, akaendelea kukoroga.

Saa sita na nusu kengele ya mlango ililia. Succorina, mwanamke wa miaka sitini na ushei, alisimama pale na mfuko wa plastiki kichwani, gauni limelowa mpaka magotini. Mikononi alishika sinia lililofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

"Lifti imekufa," alisema akihema. "Ngazi zote hizo! Magoti yangu yamesali rozari nzima, tena matendo ya uchungu matupu."

"Ingia, dada. Mimi naikimbilia hii, isije ikashika."

Succorina alivua viatu, akamfuata jikoni pekupeku. Aliliweka sinia mezani na kukiondoa kitambaa. Kulikuwa na sambusa tamu za nazi, biskuti, na vipande vya dodol, vimepangwa kwa mistari iliyonyooka, bila karatasi ya rangi, bila utepe.

Mwiko ulisimama.

"La nani hilo?"

"La nyumba niliyogonga."

"Umekosea mlango, dada Succorina."

"Kwa magoti haya, mdogo wangu? Ningekosea ghorofa ya kwanza."

"Nani kakwambia? Agnelo?"

"Agnelo ana mdomo huyo? Wifi yangu kule kijijini anakaa nyuma ya kanisa. Kengele ya kwetu ikilia, sisi huku tunaisikia kabla haijanyamaza. Tulijua wote, siku ileile."

"Lakini kila Ijumaa uliniuliza."

"Nilikuwa nakufungulia mlango. Hukupita."

"Na zile salamu?"

Succorina alijifuta uso kwa kiganja. "Ulinipa salamu za Mai, nikazipokea. Ningezikataaje?"

Harufu ya kuungua ilipanda. Ermelinda alishtuka, akakoroga kwa nguvu, na mwiko ukakwangua kitu kigumu chini. Succorina alinyoosha mkono na kuuzima moto.

"Itaharibika! Ni sukari guru ya..." Akaishia hapo.

"Najua ni ya nani. Iache."

Ermelinda aliuachia mwiko. Ulibaki wima peke yake ndani ya uji ule mzito, kisha ukaanza kuinama polepole hadi ukaegemea ukingo wa sufuria. Wote wawili waliutazama. Nje, nyota ilikuwa imebaki mifupa.

Walikunywa chai. Succorina alieleza habari za mvua tu: maji yaliyoingia kwenye maegesho ya chini, na jirani mmoja aliyeshuka na ndoo kwenda kuokoa gari zima. Ermelinda alisikiliza. Chai ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari naye hakusikia hata kimoja.

"Haya, naziendea zile ngazi," Succorina alisema hatimaye.

Ermelinda alihamishia vitamu kwenye sahani yake, akaliosha sinia na kulifuta. Kisha mkono ukafanya ulichozoea. Ulifungua kopo la sambusa tamu alizokaanga juzi, ukapanga sita juu ya sinia. Kule mlangoni Succorina alikuwa amempa mgongo, akihangaika na viatu vilivyolowa ambavyo havikutaka kuingia.

Ermelinda alizitazama zile sita. Akairudisha moja kwenye kopo. Akairudisha ya pili. Zilipokwisha zote alilifunika kopo, akapangusa punje za sukari zilizobaki, akalibeba sinia kwa mikono miwili kama lililojaa mchuzi.

Succorina alilipokea. Aliliangalia, akamwangalia mwenye nyumba.

"Mai amefariki," Ermelinda alisema.

"Lini?" Succorina aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia lolote, akaliweka sinia chini na kuanza kuvua viatu upya.