Sanamu Iende kwa Beno

Mwezi wa Rozari, sanamu ya Mama Maria haikai nyumba moja. Inalala kwa huyu, kesho yake jioni wenye nyumba wanaisindikiza kwa nyimbo mpaka kwa jirani, naye anaipokea kwa mikono miwili akiwa amepiga magoti. Ndivyo jumuiya yao pale Mlabani ilivyozoea. Na kwa kuwa nyumba ya Digna inapakana na ya mdogo wake Beno, kila Oktoba zamu ya Beno huja baada ya ya Digna.

Na kila Oktoba Digna aliumwa kichwa. Kichwa cha ajabu kile! Kilipona mara tu sanamu ilipofika kwa Beno mikononi mwa Herieth, katibu wa jumuiya. Watu walijua, wakanyamaza, maana nani asiyejua yaliyotokea Namawala, kwenye shamba lao la mpunga?

Msimu ule wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, Beno ndiye aliyebaki shambani na mama yao, wanalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti katikati ya mpunga. Mama akaamka na homa. Beno akasema anakimbia mjini kumletea dawa. Mjini akakuta mpira kwenye banda la video, baada ya mpira akakuta pombe, akalala huko huko. Aliporudi kesho yake, mama alikuwa chini ya ngazi, ameshapoa, na ndege wanakula mpunga watakavyo.

Msibani watu walimngoja Digna alie. Hakulia. Kitu kilizimika kifuani mwake, na tangu hapo alipika, akalima, akaimba kwaya, yote kwa uso mkavu. Naye Digna akampa Beno kisogo.

Mwaka huu Herieth akaja mapema.

"Dada Digna, kichwa kimeshaanza?"

"Kinakuja."

"Basi kije tu. Sanamu mimi sibebi tena. Usipoipeleka mwenyewe itakaa hapa hapa. Kila mwaka mdogo wako anapiga magoti akikungoja wewe, anakutana na sura yangu. Nimechoka."

"Nikamwambie nini? Padre anasema nisamehe kutoka moyoni. Huo moyo wenyewe nautafuta siuoni, Herieth. Sisikii kitu."

"Kwani Yesu pale msalabani alikuwa anajisikia vizuri alipowaombea wale?"

Digna alitamani hata kukasirika, ikashindikana.

Jioni akaibeba. Sanamu yenyewe nyepesi, ya plasta, imechubuka pua. Nyuma yake wimbo ulilegea watu walipoona nani kabeba, shingo zikawarefuka.

Beno alikuwa amepiga magoti mlangoni, mikono mbele, macho chini. Aliona kwanza ndala za dada yake. Akainua uso.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba," midomo ya Digna ikajibu yenyewe.

"Nilimwacha mama. Sina la kujitetea. Nisamehe, dada."

Digna akajipekua ndani. Hasira hamna. Huruma hamna.

"Nisikudanganye, Beno. Humu ndani hamna kitu. Lakini nimekusamehe, mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Neno hili silirudishi." Akamwachia sanamu.

Kama unadhani hapo mbingu zilifunguka, pole yako. Digna aliingia, akakaa mkekani, akasali rozari kwa sauti yake ya siku zote. Akasikilizia kidogo, kama mtu aliyemeza dawa. Wapi!

Yakafika maombi ya nia. Beno akaanza, "Tumwombee mama yetu Levina..." Akakwama. Akajaribu tena, sauti ikagoma. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, analia mbele ya jumuiya nzima. Hakuna aliyesogea. Wote walimtazama Digna.

"Aliyefariki peke yake Namawala," Digna akamalizia. "Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia.

Kisha akaweka mkono mgongoni kwa mdogo wake. Mgongo ulikuwa unatetemeka, na umekonda kuliko alivyokumbuka. Bado hakusikia kitu. Lakini mkono hakuutoa. Sala zikaisha, watu wakaanza kuagana na kutafuta ndala zao mlangoni, na mkono wa Digna ulikuwa bado pale.