Vumbi la Marumaru

Fundi wa kuchonga mawe na mkewe waligawana uwanja: yeye upande wa mashine na patasi, mke upande wa bustani. Miaka nenda miaka rudi mke alinung'unika, "Baba watoto, kabichi zangu unazipaka poda kama bibi harusi." Mwaka juzi fundi akatundika turubai katikati, vumbi la marumaru likakoma. Akatamba mtaa mzima kwamba kumpenda mke ni vitendo.

Kabichi zikawa safi. Kisha zikadumaa. Samadi ikatiwa, wapi. Vitunguu vikatoka vidogo kama gololi. Jioni moja mke akaketi kizingitini, jembe magotini.

"Msimu huu ukikataa, mwaga saruji. Upate pa kupanga mawe yako."

Fundi alilitazama lile jembe. Tangu watoto wao waondoke, bustani ile ndiyo iliyomtoa mkewe kitandani asubuhi.

Asubuhi iliyofuata mvua kubwa ilinyesha. Ilipokatika, fundi akaenda kukaza turubai, akakuta limechanika pembeni, chini. Maji meupe yalikuwa yamepenya hapo, na si kwa mvua ya leo tu, maana yalikwisha kujichimbia kijito. Kandokando yake kabichi zilikuwa zimefunga vichwa, nene. Kwingine kote, manjano.

Alichuchumaa, akafikicha udongo. Maisha yake yote jiwe lilikuwa mali, udongo uchafu wa miguuni. Lakini udongo ulitoka wapi, kama si mawe? Jua hupasua mwamba, mvua huulainisha, mizizi hupenya nyufa, majani huozea humo. Jiwe likichoka ndipo huwa shamba. Patasi yake ilikuwa ikiiharakisha kazi hiyo. Na marumaru ni jiwe la chokaa, na chokaa hupoza udongo mchachu kama huu. Turubai ndilo lililokata riziki.

Kulisema hilo kulikuwa kuchungu. Hata hivyo akamwita mkewe, akamweleza.

Mke alitazama kijito, akamtazama mumewe. "Kumbe nilikuwa natukana wakunga na uzazi ungalipo."

"Na mimi nilikufungia mlango wa jiko, nikidhani nawafungia nzi."

"Watu watakucheka, bwana mapenzi."

"Wacheke. Na nguo zako kwenye kamba, zikijaa vumbi?"

"Utazikung'uta wewe."

Fundi akashika kamba za turubai. Mafundo yalikuwa yamevimba kwa mvua, hayakufunguka. Mke akaingia ndani, akarudi na kisu cha jikoni.

"Kata."

"Turubai kubwa hili, mama watoto. Lingefaa kufunikia mawe."

"Kata, baba watoto. Msimu haungoji."

Akakata.