Difu Iliyofungwa Mara Mbili

Bolti mpya zilikuwa bado ndani ya kopo la kahawa, juu ya rafu ya banda, zimelala kwenye mafuta yake kama dagaa. Twyla Dickerhoff alizitazama, akaitazama trekta nyekundu ya baba yake. Nje jua la Ohio lilikuwa linachoma mahindi.

Mzee Merle alikuwa ameshaifunga difu, lile sanduku la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma. Alijilaza chini ya trekta ile siku nyingi, akiiimarisha kwa ajili ya mashindano ya kuvuta mzigo kwenye maonyesho ya kaunti, maana injini yenye nguvu za farasi zaidi ya elfu haina huruma na gia za nyuma. Alichomelea mbavu nene za chuma ili nyumba ya difu isijipinde. Gia ndogo za kati alizifunga zisizunguke, magurudumu yote mawili yaende pamoja kama ng'ombe wa nira moja. Zilibaki zile bolti ngumu za kulishika gurudumu kubwa la meno. Sasa kama zimo kopeni, mle ndani mmefungwa nini?

Zile za zamani, laini. Zikikatika katikati ya uwanja, vyuma vitapasuka na kuruka.

Angemwita baba yake, yangeisha. Lakini mdomo ulimwia mzito. Tangu theluji ya mwaka ule mzee alikuwa akipotewa. Mara amwite Twyla kwa jina la marehemu mama yake, mara aunguze sufuria ya maharage. Siku moja alikutwa kaunti ya jirani, amekaa ndani ya gari lake, injini inanguruma, hajui alikokuwa akienda. Twyla akamwomba funguo. Mzee aliwaka.

"Sikiliza, binti. Kichwa kinaweza kunitania, lakini mikono hii haijasahau kitu. Siku nitakaposhindwa kufunga difu, nitakukabidhi funguo mwenyewe, na hiyo nyumba ya wazee mnayoinong'onea jikoni nitakwenda. Kabla ya hapo, usiniguse."

"Sawa, Baba."

Na Merle hakuwa mtu wa kula neno lake.

Funguo Twyla alizitaka, lakini si kwa bei hiyo. Kwa hiyo hakusema. Aliifunika trekta turubai, akamwambia mzee rangi haijakauka. Kila Merle alipolala kwenye kiti chake baada ya chakula cha mchana, redio ikimsomea bei ya soya, yeye aliingia bandani. Akamwaga oili, akaifungua nyumba ya difu, akatoa bolti laini na kutia ngumu, moja moja, akizikaza mpaka kiwiko kikamlia.

Jirani yao, Virgil Aukerman, mshindani wao mwenye trekta ya kijani, akachungulia mlangoni.

"Mnafungua tena? Nilijua tu! Nyekundu haijawahi kukubali mara moja."

"Virgil, ukimwambia Baba, nakumwagia sukari kwenye tangi lako la dizeli."

Virgil alitaka kucheka, akauona uso wake. Akavua kofia. "Sijaona kitu, dada."

Ikabaki nafasi ya meno, ule mwanya mdogo kati ya gia na gia. Merle aliuita pumzi. Hakupima kwa chombo. Alilitikisa gurudumu la nyuma, akafumba macho, akasikiliza kwa kiganja. Alikuwa amemfundisha Twyla tangu utoto. Lakini Twyla hakuviamini vidole vyake kama mzee alivyoviamini vyake. Akachukua kipimo.

Siku ya maonyesho mzee alivaa ovaroli iliyopigwa pasi. Virgil alikuwa anatafuna mkate wa nyama ya nguruwe.

"Mzee Merle, umeleta trekta au jembe?"

"Nimeleta kitu cha kukukokota nyumbani, wewe na chura wako wa kijani!"

Twyla ndiye aliyeendesha. Nyuma yake mzigo wa chuma, juu ya gari la kukokotwa, ulisogea mbele kadiri alivyokwenda, ukizidi kumkandamiza, magurudumu ya mbele yakaelea, moshi ukasimama mweusi kama mti. Difu haikuguna hata kidogo. Akaufikia mstari wa mwisho, akaupita, na watu wakasimama kwenye mabenchi. Mzee Merle alikuwa ameshika uzio, analia na kucheka.

"Mmeiona mikono hii? Mmeiona?"

Twyla aliona afadhali angeshindwa.

Kabla ya kuipakia trekta, mzee akatia jeki nyuma kama desturi yake, kusikia kama gia zimesalimika. Hilo Twyla alikuwa amelisahau. Mzee akaweka kiganja, akalitikisa gurudumu. Akasita. Akatikisa tena.

"Nani kaifungua?"

"Hakuna, Baba."

"Twyla. Mimi huwa naiachia pumzi. Hii imebanwa, imepimwa kwa kipimo. Kwa nini?"

Virgil akageukia kwingine, mkate mkononi.

"Bolti mpya, Baba. Zilibaki kopeni."

"Zote?"

"Zote."

Mzee aliutazama uwanja, kisha kiti cha trekta. "Na ni wewe uliyekaa pale juu."

"Baba, yamepita. Mimi mzima."

"Ni wewe uliyekaa pale," akarudia, taratibu, kama anayelishika jambo lisimponyoke. Akafuta kiganja kwenye ovaroli, ingawa hakikuwa na oili. "Umeifunga vizuri. Mwakani iachie pumzi kidogo tu. Ikipata moto itahitaji."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za gari.

"Sikuziomba, Baba."

"Najua. Mimi ndiye niliyeahidi."

Akazibana mkononi mwa Twyla, akazunguka gari mpaka mlango wa abiria. Akasimama pale muda, anapapasa bati. Maisha yake yote hakuwahi kulifungua gari lile kwa upande ule, na hakujua kitasa kilipo.