Pumzi za Kwenye Kadi

Mume wangu akilala, nyumba nzima inakesha. Kwa miaka kumi na mmoja nimejaribu kila tiba niliyoambiwa. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nilimshonea mfuko mgongoni mwa fulana nikatia mpira wa tenisi ili asilale chali, akauchana usingizini. Nikampunguzia chakula cha usiku, nikamwongezea mito. Wapi! Anakoroma, anakata pumzi, namsukuma, anashtuka, tunaanza upya. Nimechoka hoi.

Yeye ni dereva wa basi linalotupeleka sisi mafundi kiwandani. Mwaka huu alisinzia kwenye usukani mara mbili. Mara ya pili basi lilipanda ukingo wa barabara, likasimama hatua chache kabla ya nguzo ya umeme. Wakubwa wa kiwanda wakamwondoa barabarani, wakampa kazi ya kuosha mabasi mpaka daktari wa usingizi aandike kwamba yuko salama.

Daktari akampa mashine ya kupuliza hewa, yenye barakoa ya kufunika pua na mdomo na kadi ndogo ya kumbukumbu. Aivae kila usiku kwa siku thelathini, kisha alete kadi. Aliivaa siku mbili. Akalalamika kwamba inambana, anajiona kama anazama. Siku ya tatu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kadi haina macho, inahesabu saa tu, basi barakoa niivae mimi. Nilimwangalia mtu mzima yule, mikono imebabuka kwa sabuni, nikamhurumia. Nikaivaa.

Usiku ishirini na nane nililala na lile dude usoni, huku yeye akikata pumzi pembeni yangu.

Leo asubuhi daktari ameingiza kadi kwenye kompyuta, uso ukamchangamka. Kumbe kadi haihesabu saa peke yake, inaandika kila pumzi. Hilo hatukulijua.

"Hongera, mzee," akasema. "Tangu siku ya tatu pumzi haijakatika hata mara moja. Kesho rudi barabarani."

Akavuta fomu. Mume wangu akanitupia jicho la kuniomba ninyamaze. Nikawawaza wenzangu arobaini wanaosinzia ndani ya basi lile alfajiri, hawana habari, nami nikiwa katikati yao. Kunyamaza kungekuwa rahisi, na mimi nguvu za ugomvi sina.

"Daktari, hizo pumzi ni zangu."

Daktari hakufoka. Aliichana fomu, akasema mwezi unaanza upya, safari hii kwa barakoa ndogo ya puani, tukasubiri nesi kwenye benchi la nje.

Pale benchini mume wangu alinilaumu kwamba nimemwaibisha na kumnyang'anya kazi, na kwamba hatanisemesha tena. Nikamjibu sawa. Alinuna dakika tatu hivi, kisha akalala. Akakoroma, akanyamaza kabisa, kifua hakipandi. Mama mmoja aliyekaa jirani akasimama kwa hofu. Nilipomsukuma alivuta hewa kwa kishindo, akafumbua macho na kukuta benchi zima linamtazama.

"Huwa niko hivi?" akaniuliza.

"Kila usiku."

Nesi akatoka na kiboksi cha barakoa, akatutazama sote wawili, macho yetu mekundu, akauliza mgonjwa ni nani. Mume wangu akainua mkono.