Nafasi ya Shangazi kwenye Gari Jekundu

Siku mbili kabla ya harusi ya Aneth, magari mawili ya spoti yaliegeshwa uani kwa Niyonsaba mjini Kasulu, na wanawake waliokuja kuchambua mchele wakaacha mchele. Hata Niyonsaba mwenyewe, shangazi wa bibi harusi, mama mzima ambaye kwake gari ni kitu cha kumfikisha sokoni basi, alijikuta anayazunguka kama mtu anayechagua ng'ombe.

La kwanza lilikuwa Toyota 86 jekundu, limekuja na Reverien, kaka yake Aneth, kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa chini mno, mbele limechongoka, taa zimekaza macho, na wekundu wake uling'aa hivi kwamba ukijitazama ubavuni mwake unajiona umependeza. La pili lilikuwa la Daktari Badru, jirani yao, daktari wa meno aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Ni Celica ya miaka ya sabini aliyorithi kwa baba yake, rangi ya haradali, bampa la kromu, vioo vya kutazamia nyuma vimesimama huko mbele kabisa, karibu na taa. Ukishusha madirisha yake yote hapabaki nguzo katikati. Upepo unaingia huku na kutokea kule.

"Hili lilichorwa na mtu anayepiga mluzi," Niyonsaba aliamua, akiigusa Celica. "Lile lilichorwa na mtu mwenye hasira."

Daktari akacheka. Kusema kweli, lile la hasira ndilo lililomwingia Niyonsaba moyoni.

Shida ilikuwa nafasi. Kwao desturi haina mjadala: binti akitoka nyumbani, shangazi, yaani dada wa baba yake, masenge kwa lugha yao, hukaa naye gari moja, na ndiye humshika mkono kumteremsha mbele ya wakwe. Kwa Niyonsaba jambo hilo lilikuwa zito zaidi. Kaka yake, baba wa binti, alifariki Aneth hajaanza hata kutembea, na kabla ya kukata roho alimwambia, "Huyu utampeleka wewe." Niyonsaba alikuwa amemlea kwa ajili ya siku hiyo. Asipopata siti kwenye gari la bibi harusi atapakiwa kwenye Coaster pamoja na kwaya, na huko Kibondo kwa wakwe mkono wa Aneth utashikwa na mwingine.

Basi wakajaribisha. Reverien kwenye usukani, Aneth pembeni yake na gauni lake lenye duara la waya chini, shangazi nyuma. Siti ya nyuma ilikuwepo, tena imeshonwa kwa uzi mwekundu, kazi safi kabisa, lakini ilikuwa siti ya kuweka mkoba. Niyonsaba aliingiza mguu mmoja. Goti likakataa. Akajaribu kuingia kinyumenyume, nyonga zikakataa pia, na wanawake wa mchele wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye naye alicheka.

Wakahamia Celica. Siti ya mbele ikavutwa, mama akainama, akapita, akaketi nyuma amejiegemeza upande, kitenge hakijakunjamana. Daktari alifurahi kama mtoto. "Gari hili linataka kubembelezwa kidogo tu," alisema. Akavuta choki, akasubiri, akawasha. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikaunguruma kwa sauti nene iliyotulia ambayo Niyonsaba aliisikia mpaka kifuani. Harufu ya petroli nayo ikawapanda wote. Kiyoyozi hakuna. Madirisha yakifungwa, bibi harusi atafika ameloa jasho. Yakifunguliwa, shela itatangulia Kibondo peke yake.

Aneth hakusema kitu. Alikuwa dereva wa shirika moja la misaada, na kila siku alipeleka Land Cruiser kambini Nyarugusu, mizigo nyuma na vumbi puani. Sasa alikuwa ameweka kiganja juu ya paa jekundu, akilipapasa taratibu. Niyonsaba aliujua ukimya huo. Ndio aliokuwa nao tangu utotoni akitaka kitu na akaona aibu kukiomba.

"Utakwenda na jekundu," Niyonsaba alisema. "Mimi Coaster inanitosha."

Akaingia jikoni kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Aliumia, na alijikasirikia kwa kuumia.

Jumamosi asubuhi Reverien alimfungulia dada yake mlango wa abiria. Aneth, shela kichwani, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

"Wa nini?"

Aneth akaingiza mikono chini ya gauni, akafungua kishikizo, na lile duara la waya likadondoka miguuni. Akalivuka, akaliokota, akamkabidhi kaka yake. "Wewe na hili mtapanda kwa Daktari. Kule nyuma kuna nafasi. Masenge, njoo ukae mbele."

"Bibi harusi anajiendesha mwenyewe?" Reverien alisema. "Watu watasemaje?"

"Watasema shangazi yake alikaa mbele."

Niyonsaba alikaa. Kiti kilimshika mbavu pande zote mbili, na gari likaondoka kwa wepesi uliomfanya ashike mlango. Matuta ya mjini Aneth aliyavuka kwa mshazari, polepole, tumbo la gari lisikwaruze. Walipoishika lami ya Kibondo akaliachia. Karibu na Makere Celica ikawapita kwenye mteremko, kromu inawaka jua, Daktari kiwiko dirishani, Reverien amejikunja nyuma na waya unachungulia nje. Niyonsaba aliitazama mpaka ikapotea kwenye kona. Lilikuwa gari zuri, wala halikuwa na haja ya kulithibitisha hilo.

Ndani ya jekundu palikuwa kimya na baridi. Hapakuwa na masikio ya dereva wala ya kwaya. Niyonsaba akasema yote ambayo shangazi humwambia binti, hata yale ambayo kwingine angeyanong'ona, kisha akamsimulia habari za baba yake: alivyoogopa ng'ombe, alivyoimba vibaya kanisani bila aibu. Aneth alicheka, akalia, akaangalia barabara.

Kibondo ikafika mapema mno. Mbele, langoni pa kanisa, wakwe walikuwa wamejipanga, vigelegele vimeanza, Reverien anatoka kwenye Celica kwa kutanguliza makalio. Aneth akapunguza mwendo, akawasha indiketa. Niyonsaba alitazama mkono wake juu ya gia, mkono ule ambao ilibidi aushike sasa na kuutoa. Akauwekea wa kwake juu.

"Pita," alisema.

"Masenge?"

"Pita, mwana wanje, mwanangu. Twende mpaka njia panda, halafu tutarudi."

Aneth akazima indiketa, akakanyaga mafuta.