Sasa Hivi

Kikombe cha bati kikiwekwa juu ya saruji hutoa mlio mdogo: ti. Gizani unausikia zaidi. Mara ya kwanza niliusikia saa moja na nusu jioni, mwaka ule wa mgao wa umeme, nikiwa nimeinama natafuta kibiriti kando ya jiko la mkaa.

"Domi?"

Hakujibu, na sikutegemea ajibu. Binti yangu Dominika, wa miaka minne na nusu, alikuwa hajatamka neno tangu mwezi wa saba. Nilipowasha kibatari nilimwona amekaa mkekani, mikono katikati ya magoti, anautazama mlango. Kizingitini palikuwa na kikombe cha baba yake, kile cheupe chenye ukingo wa bluu, kimejaa maji hadi juu.

Asubuhi nilikikuta kitupu.

Nikasema ni paka. Dada Eunike, mpangaji mwenzangu wa chumba cha pili, akanitazama. "Paka wa mtaa huu wa Majengo anywe maji, na maziwa ya kuiba yapo?" Tukacheka. Lakini kikombe nilikiosha kwa maji ya moto.

Mume wangu Ildefonce alikuwa mpagazi wa wageni wanaopanda mlima. Mwezi wa saba alipanda, mvua ya baridi ikawakuta juu, akashushwa kwenye machela amefunikwa uso. Tulimzika kwao Kibosho, kihambani, katikati ya migomba. Domi hakuwepo. Nilimwacha kwa Eunike, maana kwetu mtoto mdogo haambiwi mambo ya kifo. Huambiwa mtu amesafiri. Asubuhi ile anaondoka, Ildefonce alimshika kichwa akamwambia, "Narudi sasa hivi." Niliporudi kutoka msibani Domi aliniuliza, "Baba yuko wapi?" Nikamjibu kwa maneno yale yale, nikidhani namfariji: "Amesafiri, mama. Anarudi sasa hivi."

Hilo likawa swali lake la mwisho.

Jioni tatu kwa wiki nilikuwa nasoma Kijapani. Mwalimu Filemon aliwahi kufanya kazi na Wajapani wa mradi wa mpunga kule bondeni, wakampeleka kwao miaka miwili, akarudi anainama hata akisalimiana na wauza mchicha. Alitufundisha nyuma ya duka la fundi cherehani, watu tisa, wengi wao vijana wa mlimani. Ofisi moja ya utalii mjini ilitaka mtu wa kupokea wageni wa Kijapani, mtihani ukiwa Januari. Mimi kidato cha nne chenyewe nilikimaliza kwa masomo ya jioni, na mimba ya Domi tumboni, kwa hiyo kichwa changu kimezoea taa hafifu.

"Kiingereza unakikimbia," Eunike alinitania, "Kijapani utaongea na nani? Na mlima?"

"Nitaongea na mshahara."

Jioni moja mwalimu alitufundisha maneno ya mlangoni. "Mjapani akifika kwake hapigi hodi," alisema. "Nyumba ni yake, hodi ya nini? Anasema tadaima. Maana yake hasa ni sasa hivi. Yaani, nimefika sasa hivi. Na wa ndani anajibu okaeri. Umerudi."

"Na akirudi saa nane amelewa?" kijana mmoja akauliza. "Hiyo nayo ni sasa hivi?"

"Ni sasa hivi. Mkewe ndiye atakayeongeza maneno mengine."

Nilirudi nyumbani nikirudia njia nzima: tadaima, sasa hivi, tadaima, sasa hivi. Mlangoni sikupiga hodi. Nilisema, "Tadaima," nikaingia, nikamweleza Domi, "Ni Kijapani, mama. Maana yake sasa hivi."

Aliinua uso kama mtu aliyesikia akiitwa.

Kikombe kilianza jioni ya pili yake. Na mimi, msomi wa jioni, sikuunganisha.

Mwalimu alikuwa ametunakilia kanda. Sauti ya mwanamume inasema tadaima, halafu kinafuata kimya cha kumtosha mwanafunzi kujibu. Niliipiga kwenye redio yangu kila nilipopika, Domi akiwa pembeni na mdomo wake uliofungwa. Kuna siku nilikuwa na unga mikononi nikachelewa kujibu, na kile kimya nikakiona kirefu kuliko cha jana. Kilikuwa kimya cha mtu aliyesimama nje anasubiri kukaribishwa. Nikazima.

Jumamosi moja ya Novemba mama mkwe wangu, Bibi Mektrida, alishuka kutoka Kibosho na ndizi zake za mtori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Amesema?"

"Bado, mama."

Alimpakata Domi, akamnusa utosi, kisha macho yake yakaangukia kizingiti. "Nani anamwekea Ildefonce maji?"

"Anacheza tu huyo, mama."

"Hachezi. Na maji si ya kumpa. Mwanangu alikuwa mtu wa pombe, wa mbege." Hakutabasamu. Akasema polepole, "Krismasi mtakuja nyumbani. Kama atakuwa bado hajasema, atabaki na mimi. Siwezi kumwacha mjukuu wangu kwenye chumba kimoja na mtu ambaye hajaambiwa kuwa amekufa."

Usiku huo nilimlaza Domi kifuani nikahesabu wiki. Zilikuwa tano. Nilimnong'oneza maneno yote niliyoyajua, ya Kiswahili, ya Kichagga cha kwetu, hata ya Kijapani, nikitumaini moja litamgusa. Alisikiliza tu, macho mlangoni.

Darasani tulikuwa na zamu ya betri. Kwa sababu ya mgao, kila kipindi mmoja wetu alileta betri za redio ya mwalimu. Alhamisi ile ilikuwa zamu yangu. Nilichomoa zote nne kwenye redio yangu, nikazifunga kwenye leso, nikazitia mkobani.

Siku hiyo yule kijana mtundu aliuliza kwa nini hatujafundishwa sayonara, neno ambalo hata watoto wa stendi wanalijua.

"Hilo msilitumie ovyo," mwalimu alisema. "Anayekwenda kazini na jioni atarudi haambiwi sayonara. Asili yake ni kama kusema: ikiwa ndivyo ilivyo, basi. Ni neno la kuachana kweli."

Nililiandika. Chini yake nikapiga mstari, sijui kwa nini.

Niliporudi mtaa wote ulikuwa giza. Eunike alikuwa mlangoni kwake anakaanga maandazi kwa mwanga wa makaa.

"Domi yuko wapi?"

"Ndani kwenu. Amekataa kukaa na mimi. Na hiyo redio yenu inaongea tangu saa ile, betri mnazo nyie."

Umeme haukuwepo. Mkobani, betri ziligongana.

Nilitembea nikishika ukuta hadi mlangoni kwangu. Ndani, sauti ya mwanamume ilisema, chini chini, "Tadaima." Sauti ya kanda ina kikwaruzo. Hii haikuwa nacho. Ilikuwa na pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Kisha sauti nyingine, ndogo, iliyokauka kama bawaba isiyotiwa mafuta: "Okaeri."

Miezi mitano nilikuwa naiombea sauti hiyo. Sasa ilikuwa imetoka, na haikuwa ikisema na mimi.

Nilisukuma mlango. Chumba kilinuka sweta lililolowa mvua. Nilipapasa redio: mfuniko wa betri uko wazi, ndani mtupu, kama nilivyoiacha. Kwa mwanga hafifu wa makaa ya Eunike nilimwona Domi amesimama karibu na kizingiti, ananyoosha kikombe kuelekea pasipo na mtu.

Nikajua kwamba nikinyamaza, nitampeleka mimi mwenyewe Kibosho, na hata kule ataendelea kungoja. Nikapiga magoti nikamshika mabega.

"Domi, mama alikosea. Baba hakusafiri. Baba alikufa mlimani. Tumemzika kwa bibi, kwenye migomba. Harudi sasa hivi, wala kesho. Hatarudi, mama."

Mabega yake yakaanza kutetemeka. Niliinua uso kwenye lile giza lililonuka mvua. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Baba Domi, nawe umesikia. Nilipaswa kukuambia mapema. Sayonara. Ikiwa ndivyo ilivyo, basi."

Kimya kikaja, kile cha kwenye kanda, cha kumtosha mtu kujibu. Hakuna aliyejibu. Mlango, ambao sikuwa nimeugusa tena, ulifunguka zaidi kidogo, halafu ukatulia, na nikaanza kunusa maandazi ya Eunike.

Domi akalia. Alilia kwa sauti, kwa kamasi, kama watoto wote, hadi Eunike akaja na kibatari akasimama pale. Nilimwacha alie. Alipochoka alijifuta kwa kanga yangu, akakitazama kikombe mkononi mwake, akanitazama mimi.

"Mama, nina kiu."