Vumbi la Sebuleni

Mama mkwe usimwambie kitu kuhusu usafi. Uwanja aliufagia kabla jogoo hajamaliza kuwika, na shamba lake la juu alilitunza vivyo hivyo: mabua yaling'olewa na kuchomwa, mabonge yakasagwa kwa meno ya haro ya trekta mpaka udongo ukawa laini kama unga uliochekechwa. Wapita njia walilisifu. Naye sifa alizipenda, nani asiyezipenda?

Mkamwana aliomba shamba la chini, ajaribu njia yake msimu mmoja tu. Akamwaga samadi, akayaacha mabua yamesimama na mabonge yamelala yalivyo. Majirani wakamuuliza kama mumewe amehama. Alicheka nao, kisha akaongeza samadi. Alijua anachokifanya, na anayejua hana haja ya kugombana.

Aliyechoka kuchekwa ni mama mkwe.

"Kesho trekta linakuja," alisema asubuhi moja huku akifagia sebule. "Litapiga haro juu na chini. Mwenye macho haambiwi tazama, mwanangu. Lile si shamba, ni pori."

Haro ikipita, kazi ya msimu mzima imekwenda na maji. Mkamwana hakulia wala hakununa. Alitoka, akarudi na bonge la udongo kutoka kila shamba, akafungua kabati na kutoa bilauri mbili za wageni. Hilo peke yake lilitosha kuvunja ndoa. Akazijaza maji, akatumbukiza bonge moja katika kila bilauri.

Bonge la shamba la juu lilimeguka hata halijafika chini, maji yakawa tope. La shamba la chini likakaa kitako, maji yakabaki meupe.

"Lako gumu tu," mama mkwe alisema.

"Limeshikana, mama. Mizizi na samadi ndiyo gundi yake. La juu limesagwa mno, halina gundi. Upepo ukija, unajichukulia."

"Upepo haujawahi kuniibia kitu mimi."

Mkamwana alikuwa na maneno mengine tayari, lakini jicho lake likaangukia kizoleo mkononi mwa mama mkwe. Kilikuwa kimejaa.

"Na hicho ulichozoa ni nini, mama?"

Mama mkwe akatazama. Vumbi lilikuwa jekundu, wekundu uleule wa shamba la juu, na laini vilevile. Kila kiangazi alilizoa asubuhi na jioni, akililaani, akaenda kulitupa barabarani. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye shamba lake alikuwa akilizoa kwa mikono yake mwenyewe na kulitupa. Akavuta kiti, akaketi. Ilimuuma, na uso wake haukuficha. Mkamwana alimwonea huruma, akaziosha bilauri na kuzirudisha kabatini.

Kesho yake dereva wa trekta, mtoto wa kaka yake mama mkwe, alifika akiunguruma na haro nyuma.

"Shangazi, nianzie wapi? Kule kwenye pori?"

Shangazi yake alikuwa shamba la juu, ameinama, anakung'uta kizoleo juu ya samadi mbichi aliyoibeba mwenyewe kutoka zizini. Hakuharakisha. Alikikung'uta mpaka kikabaki kitupu, akajinyoosha.

"Zima hiyo mashine, mwanangu, urudi nayo kwenu," alisema. "Nimechoka kulifagia shamba langu sebuleni."